Namanga ni nyumbani au ni ng'ambo?

Tangu uchaguzi wa Tanzania wa Oktoba 29, 2025, runinga za Nairobi zimekuwa zikichapwa mitandaoni kwa kosa moja: kwamba kwa jirani kuliungua nazo zikaendelea kutuhesabia nani atakuwa mgombea mwenza wa nani. Intaneti ilipozimwa ng'ambo ya mpaka wa Namanga, kati ya Kenya na Tanzania, Wakenya walifuata mambo kupitia klipu za X na TikTok, na wiki chache baadaye uchunguzi uliozungumzwa zaidi kuhusu waandamanaji waliopigwa risasi ulitoka CNN. Haukutoka Kimathi Street, wala Mombasa Road, wala Dennis Pritt, ziliko stesheni zetu kubwa. Dawa inayopendekezwa na wengi ni nyepesi: stesheni ziongeze dakika za habari za kimataifa. Hasira naielewa. Dawa ndiyo siikubali.

Stesheni ikiongeza dakika tano za kimataifa kesho jioni, itazijaza kwa mafuriko ya Ulaya na hotuba ya Washington, picha zote zimenunuliwa kwa mashirika ya habari, na mtazamaji wa Kitale ataingia kulala akijua yaleyale aliyoyajua juzi. Kasoro iko kwenye mizani yenyewe. Vyumba vyetu vya habari hupanga habari kwa kuuliza tukio limetokea wapi, kabla ya kuuliza linamgusa nani. Kisha kila jukwaa, kuanzia taarifa ya saa moja jioni kwa Kiswahili na ile ya saa tatu usiku kwa Kiingereza hadi YouTube na TikTok, limeachwa lijipimie lenyewe, bila mtu mmoja anayeangalia jumla. Habari zinazopotelea hapo katikati ni zile ambazo Mkenya anazihitaji zaidi: zilizotokea nje lakini ni zetu.

Kwanza tuondoe dhana kwamba wingi wa habari za nje ni dalili ya chombo kilichokomaa. Waliokua na KBC enzi za chama kimoja wanaukumbuka mpangilio. Taarifa ilifunguliwa na Mtukufu Rais, alikokwenda, alichosema, waliomlaki. Wakafuata mawaziri na wakuu wa mikoa wakiunga mkono alichosema. Halafu dunia ikamwagwa kwa ukarimu. Vita vya mbali havikumkera mtu yeyote Ikulu. KTN ilipoanza mwaka 1990 ilijaza sehemu kubwa ya saa zake kwa matangazo ya CNN, na ulikuwa mwaka uleule wa Saba Saba, maandamano ya kudai vyama vingi, watu walipokuwa wakipigwa virungu kuelekea Kamukunji. Habari za nje zilikuwa mahali salama pa kujificha. Vyombo vilipoanza kupata uhuru, kamera ziligeuzwa zikatazama nyumbani, na huo ulikuwa ushindi ambao haupaswi kubezwa na mtu anayetamani taarifa zenye harufu ya London. Januari 30, 2018 serikali ilipozima NTV, KTN na Citizen, kosa lilikuwa kupeperusha moja kwa moja kiapo cha kiongozi wa upinzani Raila Odinga pale Uhuru Park. Hakuna stesheni ya Kenya iliyowahi kuzimwa kwa sababu ya Syria.

Lakini ushindi ule uliacha tabia ambayo imegeuka mazoea. Aliyewahi kukaa karibu na mhariri wa zamu saa kumi na mbili na nusu jioni anajua inavyokwenda. Orodha ya taarifa iko kwenye kioo: siasa juu, kisha kaunti, kisha ajali au mazishi, biashara, ulimwengu, michezo. Hapo kwenye ulimwengu kuna vipengele vitatu visivyo na mwandishi. Picha zimeshuka kutoka Reuters au AP zikiwa na maelezo ya Kiingereza, mtu mmoja anazitafsiri mbiombio, mtangazaji atazisomea juu yake, sekunde 30 kila moja. Saa moja na dakika ishirini gavana fulani bado anazungumza mubashara kutoka uwanjani na hakuna anayethubutu kumkata. Dakika tatu zimeliwa, lazima kitu kitoke. Hakitatoka kipengele cha michezo, kina mdhamini. Haitatoka biashara, nayo ina mdhamini. Dunia haina mdhamini, kwa hiyo inatoka dunia. Hakuna aliyekaa kikao akaamua kwamba Sudan si muhimu. Iliangushwa na saa ya ukutani.

Saa tatu usiku, kwa Kiingereza, dunia hupewa nafasi pana kidogo, pengine na mchambuzi mwenye tai. Sijawahi kuelewa ni nani aliyepitisha kwamba anayetazama kwa Kiswahili anatosheka na kaunti, na anayetazama kwa Kiingereza ndiye anayestahili kuelezwa Gaza.

Ukienda YouTube, mizani inapinduka kabisa, na hapa ndipo wengi wanaolaumu hawajatazama vizuri. Tungetarajia kwamba jukwaa lisilo na mipaka lingeleta habari zisizo na mipaka. Limefanya kinyume. Anayefuatilia stesheni ya Kenya kwenye YouTube saa nane usiku za Nairobi yawezekana yuko Minnesota akitoka kazini, au Doha, au Jeddah akisubiri mwajiri wake alale. Huyo hafungui ukurasa wa stesheni ya Nairobi ili aelezwe habari za Marekani au Saudia. Anataka nyumbani, tena nyumbani kwenyewe kabisa: nani kamjibu nani mazishini, nani kazomewa wapi. Isitoshe, tangazo linaloonyeshwa kwa mtazamaji aliye Marekani kwa kawaida hulipa zaidi kuliko linaloonyeshwa kwa aliye Kakamega, kwa hiyo ladha ya mtu wa ughaibuni ina uzito wa fedha. Kadiri jukwaa linavyozidi kuwa la dunia ndivyo maudhui yanavyozidi kuwa ya mtaani.

Kuna pia jambo la mikataba ambalo mtazamaji halioni. Ruhusa ya kutumia picha ya shirika la habari hewani mara nyingi si ruhusa ya kuiweka YouTube. Hiyo huandikiwa masharti mengine na bei nyingine. Ndiyo maana ukitazama mubashara mtandaoni, wakati wa mpira picha huondolewa ukabaki na nembo ya stesheni na sauti, au kimya. Habari za nje nazo hukumbwa na hilohilo. Mhariri wa mtandao akiona kipengele chenye picha za kununua, njia fupi ni kutokipakia. Kwa hiyo hata zile sekunde 30 zilizonusurika saa moja jioni hazifiki kwenye simu, ambako vijana wengi ndiko wanakotazamia. TikTok huko stesheni zinakata vipande vya cheche za kisiasa, basi. Dunia ya TikTok imeachiwa watu wasiojulikana.

Sasa tuone gharama. Juni 25, 2024 kila Mkenya anaikumbuka kwa Bunge kuvamiwa na vijana kupigwa risasi wakipinga Mswada wa Fedha. Siku hiyohiyo kikosi cha kwanza cha polisi wetu, kama 200 hivi, kilitua Port-au-Prince, Haiti. Stesheni zilikaa Bungeni na zilifanya sawa. Hakuna mhariri mwenye akili timamu ambaye angefanya vingine. Swali langu ni kuhusu miezi iliyofuata. Haiti ilikuwa na polisi wa Kenya, wenye familia Kenya, waliotumwa na serikali ya Kenya licha ya Mahakama Kuu kusema Januari ya mwaka ule kwamba mpango ulikuwa kinyume cha Katiba. Afisa wa kwanza alipouawa Februari 2025, habari ikapanda juu siku kadhaa. Kisha ikarudishwa kwenye kapu la ulimwengu, pamoja na mafuriko ya Ulaya. Kwa kipimo cha mahali, Haiti ni ng'ambo. Kwa kipimo cha nani anaguswa, ilikuwa habari ya usalama wa ndani, na ilipaswa kuwa na mwandishi anayeifuata kila wiki kama anavyofuatwa Inspekta Jenerali.

Mfano wa Sudan unaonyesha vizuri zaidi. Februari 2025 wanamgambo wa RSF, wanaopigana na jeshi la Sudan, na washirika wao walikutana jumba la mikutano la KICC, katikati ya jiji letu, kuandaa serikali sambamba. Ikaripotiwa kama siasa: Ruto kakosea, upinzani umelalamika. Machi, serikali ya Sudan ikapiga marufuku bidhaa kutoka Kenya, chai ikiwemo. Hiyo ikaenda kwenye biashara, ikasomwa na mtangazaji mwingine. Vita vyenyewe, vilivyoanza Aprili 15, 2023, vikabaki kwenye ulimwengu, vikikatwa gavana akizidisha maneno. Habari moja ikachinjwa vipande vitatu, na mkulima wa Kericho aliyepewa bei ya chini ya majani yake hakuwa na taarifa hata moja ya kumwambia kwamba mkutano ule wa KICC, marufuku ile na mizinga ya Khartoum ni kitu kimoja. Ndiyo maana nasema dakika si hoja. Dakika zilikuwepo, tena nyingi. Hakuna aliyeziunganisha.

Kinyume chake ni Oktoba 15, 2025, Raila Odinga alipofariki Kerala, India. Vyombo vya India viliiandika mapema, mitandao yetu ikawaka, na stesheni za Nairobi zikakaa kwenye ncha ya kisu zikisubiri uthibitisho. Zilisubiri, na nadhani zilifanya vyema. Ila asubuhi ile hakuna aliyeuliza kama hiyo ni habari ya kimataifa. Ilitokea maelfu ya kilomita kutoka hapa na kila mtu alijua ni ya nyumbani. Basi kipimo cha nani anaguswa tunakijua. Tunakitumia kwa vigogo tu.

Wanaotetea hali ilivyo wana hoja, na si zote za kupuuza. Iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi: kwamba Mkenya hataki habari za nje, ukimwekea anahamisha chaneli. Hii haina miguu. BBC imetangaza kwa Kiswahili tangu 1957 na DW ya Ujerumani tangu 1963, na kwa miongo watu wa vijijini, siyo wasomi wa Lavington, walizima kila kitu ili wasikilize ya dunia. Leo kiu hiyo imehamia kwenye simu. Kinyozi wangu wa Kangemi hunionyesha video za Ibrahim Traoré, mtawala wa kijeshi wa Burkina Faso: anahutubia kwa Kiingereza fasaha ambacho hakizungumzi hivyo, wanamuziki maarufu wa Marekani wanamwimbia, umati unalia. Midomo haiendani na sauti, na jengo la nyuma lina madirisha yanayoyeyuka. Video za akili mnemba za namna hiyo zilifurika mwaka 2025. "Mkubwa, mbona hizi hawaonyeshi kwa TV?" aliniuliza, mashine ikiwa shingoni mwangu. Nilimwambia ni za kutengenezwa. Akanijibu kwamba hata kama ni za kutengenezwa, angalau kuna mtu amejali kumwambia kitu kuhusu Burkina Faso. Nilikosa jibu. Mtu huyo amekaa na hamu yake, stesheni imekataa kumhudumia, na tapeli amekubali.

Hoja ya pili ina uzito kiasi: kwamba dunia ina wenyewe. Al Jazeera, CNN, BBC na CGTN ya China zimejaa kwenye ving'amuzi, na Nairobi ndiyo kambi yao. CGTN ina makao yake ya Afrika hapa tangu 2012, na BBC ilipopanua ofisi yake ya Nairobi mwaka 2018 ikawa kubwa kuliko zote zake nje ya Uingereza. Kwa nini stesheni inayohangaika kulipa mishahara irudie kazi ya matajiri? Ningekubali kama matajiri hao wangekuwa na wajibu kwetu. Machi 2025 amri moja kutoka Ikulu ya Marekani ilitosha kuwapeleka likizo ya lazima karibu wafanyakazi wote wa Sauti ya Amerika (VOA), na Idhaa ya Kiswahili ikanyamaza; vituo vya Afrika Mashariki vilivyozoea kupokea vipindi vyake vikaamka na pengo. CGTN haitakuchambulia deni la reli ya SGR, iliyojengwa kwa mkopo wa China, jinsi unavyotaka lichambuliwe. Hata wale wazuri wanatueleza Kongo kama mtu anayeeleza mgogoro wa mbali, ilhali Equity na KCB zina benki kubwa Kongo, na waasi wa M23 walipouteka mji wa Goma Januari 2025 akiba za wenye hisa wa Kenya zilikuwa ndani ya habari ile.

Inayobaki ni hoja ya fedha na usalama wa kazi, na hii ndiyo nzito. Stesheni zimepunguza wafanyakazi mwaka baada ya mwaka. Serikali ni mtangazaji mkubwa, na mwanzoni mwa 2024 ilijaribu kuelekeza matangazo yake yote KBC. Juni 25, 2025 Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza maandamano yasipeperushwe moja kwa moja na baadhi ya stesheni, zikiwemo NTV na KTN, zikakatiwa mawimbi hadi Mahakama Kuu ilipoingilia. Mhariri aliye katika hali hiyo anaweza kusema, tena kwa haki, kwamba kama ana kamera moja tu ataiweka Kenyatta Avenue, kwa kuwa nyumbani kukizimwa hakuna wa kumwashia. Naipokea hoja hiyo karibu yote. Natoa mambo mawili tu. Uchunguzi wa kina zaidi wa risasi za Bungeni za Juni 2024, uliochambua maelfu ya picha na kufuata nani alifyatua, ulitoka BBC Africa Eye Aprili 2025. Kwa hiyo kujifungia nyumbani hakukutupa hata nyumbani kwa ukamilifu. Na si kila habari ya nje inahitaji ndege ya Haiti. Namanga ni kama kilomita 160 kutoka Nairobi, lami mwanzo hadi mwisho. Siku zile za Oktoba waandishi wetu walifika pale, wakaonyesha moshi upande wa pili, wakarudi. Siku ya tatu nilikuwa natazama tena mgombea mwenza.

Kama nina haki katika haya, matokeo yake kwa stesheni hayahitaji bajeti ya CNN. Yanahitaji kwanza kufuta dawati la kimataifa kama lilivyo, lile la kutafsiri picha za wengine, na kuwagawa watu wake kwenye mambo yanayovuka mpaka: Wakenya wa Ghuba, polisi na wanajeshi walio nje, biashara ya Afrika Mashariki, mafuta ambayo EPRA, mamlaka ya nishati, hututangazia bei yake kila tarehe 14 kana kwamba yanachimbwa Industrial Area. Mwaka 2024 walio ughaibuni walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9, kushinda mapato ya chai, na bado ni nadra kuona taarifa inayowahusu isipokuwa mmoja wao anaporudi kwa jeneza. Hii ndiyo sehemu ninayoiona kama fursa, si mzigo: yule wa Jeddah anayefungua YouTube saa nane usiku angetazama habari za mikataba ya kazi za ndani Saudia kwa hamu ileile anayotazamia siasa. Hapo nyumbani na ng'ambo vinakutana kwenye mtazamaji mmoja, na kwa picha zilizopigwa na stesheni yenyewe, ambazo hakuna shirika litakalozizuia mtandaoni.

Pili, awepo mhariri mmoja mwenye mamlaka juu ya majukwaa yote, wa kuuliza saa sita mchana kwamba habari hii ya Sudan itakaa wapi leo, na kama haitapata nafasi saa moja jioni basi ifike TikTok ikiwa na uso wa mwandishi anayejulikana. Kampuni ya Nation, mwenye NTV, ina NTV Uganda na Mwananchi ya Tanzania ndani ya familia moja. Si rahisi kueleza kwa nini mtazamaji wa Nairobi haoni matunda ya hilo kila usiku. Wasio na familia kama hiyo wanaweza kubadilishana picha na stesheni za majirani, au kuchangia mwandishi mmoja Kampala na mwingine Kinshasa. Wakubwa watasema ushindani hauruhusu. Katika mitambo ya kurushia mawimbi, NTV, KTN na Citizen zilikwisha kuungana wakati wa kuhamia dijitali, zikakaa bila matangazo kwa wiki kadhaa mwaka 2015. Biashara ilipobana, ushindani uliruhusu.

Muda haupo mwingi. Uchaguzi wetu ni Agosti 10, 2027, na kuanzia mwanzoni mwa mwaka huo kila gari la matangazo litakuwa nyuma ya msafara wa mtu. Mwandishi yeyote wa mambo ya nje ambaye hatakuwa amepata kiti chake kabla ya hapo hatakipata hadi 2028, na kufikia wakati huo kinyozi wangu atakuwa amepata wa kumweleza Burkina Faso, Sudan, na pengine Kenya pia.